Tumempumzisha mama, mbona anazidi kudhoofika?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yetu ana miaka 74. Baba alipofariki miaka miwili iliyopita, mama alihamia kwangu. Mimi na ndugu zangu tukakubaliana kwamba ametulea vya kutosha, sasa apumzike. Tumemwekea msaidizi: hapiki, hafagii, hafui, hata chai analetewa alipokaa. Mwanzoni alifurahi. Lakini miezi ya karibuni naona anakwisha mbele ya macho yangu. Akitaka kusimama lazima ashikwe mkono, mchana anasinzia, na tukikaa sebuleni yeye ni kimya tu. Aliwahi kuanguka bafuni mara moja, hakuumia, ila tangu siku hiyo tumemkataza kutembea peke yake. Anatumia dawa za presha na kisukari, na kliniki wanasema vipimo vyake si vibaya. Je, huu ndio uzee wenyewe, au kuna mahali tunakosea? Ndugu zangu wanataka tumnunulie virutubisho.

JIBU: Marahaba, binti yangu. Pole kwa kuondokewa na mzee, na umefanya vyema kuuliza sasa badala ya kungoja mpaka mama alale kitandani. Nimelisoma swali lako mara mbili. Katika yote mliyomtendea mama sikuona hata moja lisilotokana na upendo, na kwa sababu hiyo jibu langu huenda likakuuma: sehemu kubwa ya udhaifu unaouona umeletwa na huko kumpumzisha.

Anza na miguu yake. Misuli ya binadamu hubaki mwilini kwa sababu inatumika. Isipotumika, mwili huipunguza, na kwa mtu mzima huipunguza haraka kuliko kwa kijana na kuirudisha ni kazi ya muda mrefu zaidi. Mwaka 2007 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo mimi huwasimulia karibu kila familia inayokuja na malalamiko kama yako. Waliwachukua wazee 12 wenye afya njema, wakawalaza kitandani siku 10 tu. Hawakuwa na ugonjwa wala homa, walikuwa wamelala tu na kula. Katika siku hizo 10 walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Mama yako hajalazwa kitandani, lakini amekaa kitini miaka miwili.

Sasa jaribu kuzikumbuka kazi alizokuwa anafanya alipokuwa kwake. Chukua moja tu, kuanika nguo. Anainama kwenye beseni, anainuka na nguo iliyojaa maji, anasogea hadi kwenye kamba, ananyanyua visigino, mikono yote miwili iko juu, shingo imeelekea nyuma, na mwili mzima unatafuta mahali pa kujishika hewani wakati vidole vinabana kibanio. Halafu anarudi kwenye beseni. Nguo 20, mara 20. Hakuna mtaalamu wa mazoezi ambaye angemtungia zoezi bora zaidi la mapaja, mgongo, mabega na kusimama bila kuyumba. Hilo lilikuwa zoezi moja. Mlipoajiri msaidizi mliyaondoa yote kwa siku moja, na hakuna kilichowekwa badala yake.

Habari njema ni kwamba mlango huu unafunguka pande zote mbili, hata umri ukiwa mkubwa kuliko wa mama. Mwaka 1990, huko Boston, daktari Maria Fiatarone na wenzake waliwafanyisha mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu watu 10 dhaifu waliokuwa wakiishi kwenye makao ya wazee, wenye umri wa miaka 90 hivi. Baada ya wiki 8, nguvu ya miguu ya wale waliomaliza ilikuwa imeongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Hao walikuwa na miaka 90, binti yangu. Mama ana 74.

Na kwa kuwa ndugu zako wanazungumzia virutubisho: timu hiyohiyo ilirudi mwaka 1994 na wazee 100. Wengine walipewa mazoezi, wengine kinywaji cha virutubisho, wengine vyote viwili, wengine hawakupewa chochote kati ya hivyo. Waliofanya mazoezi walipata nguvu. Kinywaji peke yake, bila mazoezi, hakikuwaongezea nguvu wala hakikupunguza udhaifu wao. Waambie ndugu zako hela ya makopo wanunulie kitu kingine. Nitakuambia kipi.

Kabla ya hapo, kuna jambo la pili ambalo pengine ni zito kuliko miguu. Zamani kidogo alinijia kijana mmoja na mama yake. Nikamuuliza mama, "Unalala vizuri usiku?" Kijana akajibu. "Chakula unakipenda?" Kijana akajibu. Swali la tatu, mama hakunitazama tena mimi, alimgeukia mwanawe akasubiri. Alipotakiwa kuvua sweta nimpime presha, alikuwa ameshafungua kifungo cha kwanza mwenyewe, vidole vikitetemeka kidogo lakini vikifanya kazi. Kijana akauondoa mkono wa mama yake taratibu, akamfungulia vilivyobaki. Mama akaiacha mikono yake ikaanguka mapajani. Nimeona mengi katika kazi hii, lakini ile mikono iliyoanguka mapajani sijaisahau.

Mwanasaikolojia wa Kijerumani Margret Baltes alitumia miaka mingi kuangalia jambo hilo tu: nini hutokea kati ya mzee na wanaomhudumia. Aligundua mtindo unaojirudia. Mzee akionyesha kushindwa, watu humjia haraka, humsemesha, humgusa, humsaidia. Akifanya kitu mwenyewe, hakuna anayegeuka kumtazama. Polepole mzee anajifunza, bila mtu yeyote kukusudia, kwamba njia ya kupata watu karibu yake ni kushindwa. Jiulize kwa upole: ni lini mara ya mwisho mama alikaliwa karibu na kusemeshwa kwa dakika 10 kwa sababu amefanya kitu, na si kwa sababu anahitaji kitu?

Kuhusu uamuzi, lipo jaribio la mwaka 1976 la Ellen Langer na Judith Rodin katika makao ya wazee huko Connecticut. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa kwamba maisha yao hapo yako mikononi mwao: wachague wenyewe usiku wa kutazama filamu, wachague mmea wautunze chumbani. Wa ghorofa nyingine waliambiwa kwa maneno matamu kwamba wafanyakazi watawashughulikia kila kitu. Nao walipewa mimea, ila muuguzi ndiye aliyeimwagilia. Baada ya wiki tatu, wale wa kwanza walikuwa wachangamfu zaidi, wanatembeleana zaidi, na walisema wenyewe kwamba wana furaha zaidi. Kila mmoja alikuwa na mmea, kwa hiyo mmea wenyewe haukuwa sababu. Kilichotofautiana ni nani ameshika kopo la maji.

Kwa hiyo mrudishieni mama kazi. Lakini sikiliza vizuri: iwe kazi ambayo isipofanyika, nyumba itaona. Wazee wanaitambua mara moja kazi ya kuwapoza. Ukimpa taulo akunje, kisha usiku msaidizi akazikunja upya kwa sababu hazijanyooka, umemvunja moyo kuliko kama usingempa kabisa. Mwachie jambo liwe lake moja kwa moja, kwa kasi yake na kwa namna yake. Muulize anataka lipi. Usimchagulie, maana hapo utakuwa umerudi palepale. Huenda atasema kupika mlo mmoja, au bustani, au kuwasimamia wajukuu wanapofanya kazi za shule. Mkabidhini, na msaidizi aelezwe wazi kwamba eneo hilo si lake tena. Na yapo mambo ya familia yanayoamuliwa humo ndani: nani aoe lini, kiwanja kiuzwe au kisiuzwe. Utu uzima dawa, tunasema, halafu tunakaa kikao chumba cha pili mama akiwa sebuleni. Mwiteni kikaoni.

Turudi kwenye miguu, kwa sababu kazi za nyumbani kwa sasa hazitatosha, ameshashuka sana. Nataka uanze na kiti. Tafuta kiti imara kisicho na magurudumu, chenye kimo cha kufikia nyuma ya goti lake, ukiegemeze ukutani kisiteleze. Akae mbele kidogo ya katikati ya kiti, nyayo zote chini, zivutwe nyuma kiasi kwamba magoti yatangulie vidole. Mikono aikunje kifuani. Ainamishe kifua mbele mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu, kisha asimame. Wazee wengi hushindwa kusimama kwa sababu wanajaribu kunyanyuka wima kama lifti. Ukimfundisha kuinama mbele kwanza, utashangaa siku hiyohiyo. Kushuka kuwe polepole, ahesabu moja, mbili, tatu kabla makalio hayajagusa kiti. Asijibwage, kwa sababu kule kushuka taratibu ndiko kunakojenga paja.

Mpime: katika sekunde 30, anasimama kamili mara ngapi bila kusukuma kwa mikono? Kwa mwanamke wa miaka 70 hadi 74, chini ya mara 10 ni dalili kwamba yumo katika hatari ya kuanguka. Akishindwa hata mara moja bila mikono, basi aanze kwa kujisukuma kwa mikono, au mwongezee mto kwenye kiti kiwe juu zaidi, na kila wiki mbili upunguze msaada huo. Afanye mikupuo miwili au mitatu ya kusimama na kukaa, siku moja ndiyo siku moja hapana. Mapaja yachoke kidogo, hiyo ndiyo dawa yenyewe. Maumivu makali ya goti, ya kifua, au kizunguzungu, aache na muone daktari.

La pili ni kusimama bila kuyumba. Asimame karibu na meza nzito au kona ya ukuta, wewe ukiwa pembeni yake bila kumshika, aweke mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, sekunde 10. Akiweza, abadilishe mguu. Akizoea, anyanyue mguu mmoja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wa miaka 65 na zaidi kufanya mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara angalau siku 3 kwa wiki, pamoja na dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani kama kutembea kwa haraka kiasi. Usimtishe mama na hizo dakika 150. Dakika 5 kwenda na kurudi, mara tatu kwa siku, ni mwanzo wa heshima.

Najua sasa unawaza: akianguka je? Duniani karibu theluthi moja ya watu wa umri huo huanguka kila mwaka, kwa hiyo hofu yako ina msingi. Lakini mlivyomkataza kutembea mmeingia kwenye mzunguko ambao naukuta mara nyingi sana: kaanguka mara moja, anakatazwa kutembea, miguu inalegea, na safari inayofuata anaanguka akielekea chooni usiku, kwa sababu chooni lazima aende. Badala ya kumzuia mama, rekebisheni nyumba. Pita usiku, taa zimezimwa, kutoka kitandani kwake hadi chooni, ukiwa peku na ukitembea polepole kama yeye. Utaviona mwenyewe vizingiti, zulia linalojikunja ncha, waya wa feni, swichi iliyo mbali na mlango. Hela ya virutubisho iende hapa: taa ndogo ya usiku, vishikio vya chuma bafuni vilivyopigiliwa ukutani kweli, mkeka usioteleza, na viatu vya ndani vyenye kushika kisigino. Ndala zilizolegea zimewavunja nyonga watu wengi.

Kuhusu ule ukimya sebuleni, nakuomba usidhani haraka kwamba akili imechoka. Kampime masikio. Masikio ya uzeeni huanza kupoteza sauti nyembamba, zile zinazotofautisha neno na neno, hivyo mtu anasikia kwamba mnaongea ila hashiki mnachosema. Televisheni ikiwa imewashwa na watu watatu wanaongea kwa pamoja, yeye anaona midomo inacheza tu. Mara ya kwanza atauliza, mara ya pili atauliza, mara ya tatu atatabasamu na kunyamaza ili asiwachoshe. Wakati mwingine ni nta tu imeziba, inasafishwa siku moja. Wakati mwingine anahitaji kifaa cha kusaidia kusikia. Ripoti ya tume ya jarida la kitabibu la Lancet ya mwaka 2024 ilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa ambayo kwa pamoja yanahusishwa na takribani asilimia 45 ya dimensia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu) duniani, na usikivu hafifu ni mojawapo, macho hafifu pia. Kwa hiyo siku hiyohiyo macho nayo yaangaliwe. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, na mzee aliyeacha kutoka nje anatoka tena.

Lakini kama anasikia vizuri na bado amejifungia, kumbuka amefiwa na mume na akahama nyumba yake kwa mkupuo mmoja. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kwa mzee mara nyingi haina machozi. Inaonekana kama uchovu, kukosa hamu ya kula, na "sijisikii kitu". Ina matibabu, na si sehemu ya kuzeeka. Muulize habari za mzee wake. Watoto wengi wanalikwepa jina la baba ili mama asilie, naye analikwepa ili watoto wasilie, na nyumba nzima inakuwa kimya. Marafiki zake wa zamani wako wapi? Kama wako mbali, mpigie simu mmoja leo na umpe mama simu, kisha wewe ondoka chumbani.

Dawa zake zote, pamoja na zile za kununua bila cheti, zitieni kwenye mfuko mmoja mzipeleke kliniki. Muombe daktari ampime presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, ndani ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, basi ile ajali ya bafuni huenda tumepata chanzo chake, na dawa itahitaji kuangaliwa upya. Sukari inayoshuka kupita kiasi nayo huleta usingizi na kuanguka. Kama anameza metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi, apimwe vitamini B12. Mwombe pia apime wingi wa damu na tezi ya shingo, maana hitilafu za vyote hivyo huleta usingizi wa mchana unaousema. Dawa za usingizi, ambazo wengine hupewa, nazo ni chanzo kikubwa cha kuanguka. Chochote mtakachokuta, msimwachishe dawa wenyewe.

Usingizi wa mchana utapungua akipata mwanga wa asubuhi nje, hata kwa kukaa barazani, na akilala mchana isizidi nusu saa, kabla ya alasiri. Chakula sitakirefusha: mzee anahitaji protini kuliko kijana, kati ya gramu 1 na 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kama ana kilo 60, ni gramu 60 hadi 72, na yai moja lina gramu 6 hivi. Chai na kipande cha mkate asubuhi haviwezi kufika huko. Mgawanyie mayai, samaki, maziwa, kunde au nyama katika kila mlo badala ya kumrundikia usiku. Figo zake zikiwa na shida, muulizeni daktari kwanza. Angalia na meno, wengi wameacha nyama kwa sababu ya jino moja. Maji pia, maana kiu hupungua umri unapoenda, kwa hiyo asingoje kuisikia.

Kuna mambo ambayo hayangoji mpango huu. Akichanganyikiwa ghafla ndani ya saa au siku, asitambue watu au mahali, hiyo ni dharura, mara nyingi kuna maambukizi au dawa nyuma yake. Vivyo hivyo mdomo ukienda upande, mkono au mguu mmoja ukifa ganzi, au maumivu ya kifua. Na akipungua uzito bila kukusudia, mpelekeni kwa daktari bila kuchelewa.

Ndugu zako watakuja na kusema unamtumikisha mama. Usibishane nao kwa maneno. Wakae, mama aketi kwenye kile kiti, na mmoja wao ashike saa ahesabu hizo sekunde 30. Andika idadi kwenye karatasi, bandika jikoni, weka tarehe. Na mama mwenyewe anaweza kukataa. Miaka miwili mmemwambia ametosha, sasa mnamwambia ainuke, lazima atauliza mmechoka naye. Mwambie ukweli, kwamba mlikosea, kwamba mlidhani kupumzika ndiyo heshima. Mzee akiombwa radhi na mwanawe hulainika.

Anza kesho asubuhi na jambo moja dogo. Akitaka kuinuka na wewe mkono wako umeshaanza kumfuata, uzuie, simama hatua moja pembeni, hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Zitakuwa sekunde ndefu sana kwako. Akisimama mwenyewe, kaa naye mnywe chai. Baada ya wiki 12 niandikie uniambie karatasi ya jikoni inasoma ngapi.